Nyumba ilikaguliwa, mkoba haukukaguliwa

Mgonjwa ni mtoto wa mbwa dume, chotara wa umbo la kati, umri wiki 9, uzito kilo 4.2. Alifika Jumamosi asubuhi kwenye fleti ya ghorofa ya pili inayokaliwa na watu wanne: wazazi wawili na watoto wa miaka 11 na 6. Jumatatu usiku alikuwa mezani kwa daktari wa mifugo, miguu ya nyuma haimbebi na sukari ya damu imeshuka hadi 1.9 mmol/L, wakati kwa mtoto wa mbwa kiwango hicho hakitakiwi kwenda chini ya 3.3.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu familia haikuzembea. Walikuwa wamejiandaa kuliko nyumba nyingi zinavyojiandaa. Ukiwauliza walichokifanya, utawapa alama karibu zote, na bado mnyama alikula sumu siku ya tatu.

Walivyoiandaa nyumba

Kazi ilianza wiki moja kabla. Mzazi mmoja alipiga magoti akatembea chumba hadi chumba kwa mikono na magoti, kichwa kikiwa sentimita 25 kutoka sakafuni. Hilo ni jambo jema, maana nyumba inayoonekana ukiwa umesimama si ile anayoiona mtoto wa mbwa. Chini ya sofa alikuta betri ndogo ya mviringo ya saa. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya dakika 15 hadi 30, kwa hiyo safari ile ya magoti peke yake ililipa.

Nyaya za umeme zilipitishwa ndani ya mabomba ya plastiki yaliyopigiliwa chini ya ukuta, na ekstensheni ikapandishwa juu ya kabati. Walinunua pia dawa chungu ya kupulizia. Dawa hiyo ina nafasi yake, lakini isitegemewe: ladha hupotea haraka, inataka kurudiwa kila siku, na wako watoto wa mbwa wasiojali uchungu hata kidogo. Bomba la plastiki halisahau kazi yake. Mtoto wa mbwa akiuma waya wenye umeme, zima swichi kuu kwanza ndipo umguse, kisha mpeleke kwa daktari hata kama anatikisa mkia, kwa sababu maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa nyingi baadaye, pengine kesho yake.

Baraza ilikuwa na vyuma vilivyoachana sentimita 11. Kichwa cha mtoto wa mbwa wa kilo 4 hupita hapo bila shida, na kichwa kikipita mwili hufuata. Walifunga wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2.5 hadi kimo cha sentimita 90, na waliufunga kwa tai za plastiki, zile za kukazia nyaya, upande wa ndani. Wengi hukosea hapa. Wavu ukiwa ndani, mbwa akiusukuma anaubana kwenye vyuma, na chuma ndicho kinachobeba uzito. Ukiwa nje, kila msukumo unavuta tai za plastiki, na tai za plastiki zikipigwa jua miezi michache hukatika bila kutoa taarifa. Vichwa vya tai waliviweka upande wa nje ili visitafunwe.

Jikoni, sabuni na dawa za kusafishia zilitolewa kwenye kabati la chini ya sinki zikapelekwa rafu ya juu. Dawa za binadamu zikaingia kwenye sanduku la kufuli. Sumu ya panya iliyokuwa imewekwa nyuma ya friji miaka iliyopita ilitafutwa, ikapatikana, ikaondolewa. Naftalini ikatolewa kwenye droo za chini. Mmea wa saikadi uliokuwa kwenye chungu sebuleni, ambao sehemu zake zote ni sumu kwa mbwa na mbegu zake ndizo mbaya zaidi, ukahamia kwa jirani asiyefuga. Pipa la taka likabadilishwa kwa lenye kifuniko cha kukanyaga.

Mwisho, sebuleni uliwekwa uzio wa kukunjua wenye kimo cha sentimita 80, ndani yake kizimba cha kulala, maji, na mikeka ya haja ndogo. Watoto waliambiwa wasifungue uzio bila mtu mzima.

Jumatatu jioni

Saa 12:40 jioni shangazi wa watoto alifika kumwona mgeni mpya. Akatundika mkoba wake kwenye mgongo wa kiti cha meza ya kulia. Mikanda ya mkoba ilikuwa mirefu, kwa hiyo kitako chake kilining'inia sentimita 20 hivi kutoka sakafuni. Zipu haikuwa imefungwa hadi mwisho.

Saa 12:55 mtoto wa miaka 6 alifungua uzio. Nyumbani walikuwamo watu wazima watatu, na sharti la "mtu mzima awepo" kwa macho yake lilikuwa limetimia. Mama alikuwa anaweka chakula mezani, baba anapokea simu barazani huku mlango ukiwa wazi, na shangazi anaangalia daftari la mtoto mkubwa. Kila mmoja aliamini mwingine ndiye anayemwangalia mbwa.

Saa 1:10 usiku alikutwa chini ya meza na pakiti ya chingamu isiyo na sukari. Karatasi zilikuwa zimesambaa, vipande viwili vizima. Mbwa alikuwa mchangamfu kabisa, na uchangamfu huo ndio uliowapotosha. Saa 1:15 mama alimpa maziwa nusu kikombe, kwa imani iliyozoeleka kwamba maziwa huua sumu. Saa 1:30 akatapika maziwa, povu na madonge matatu ya chingamu. Wakapumua, wakidhani yametoka. Saa 1:40 alijaribu kumfuata mtoto, miguu ya nyuma ikapishana kama ya mlevi, akakaa, akaanguka ubavu.

Simu ilipigwa saa 1:42. Mama aliuliza kama amtapishe tena kwa maji ya chumvi.

"Hapana mama, usimtapishe na chumvi usimpe kabisa. Anameza mwenyewe bado?"

"Anameza, daktari, lakini amelegea."

"Chukua asali kijiko kidogo, mpake kwenye fizi kwa kidole, kidogokidogo, usimmiminie kooni. Kisha njoo sasa hivi, na hiyo pakiti uje nayo."

Kila neno la jibu lile lina sababu. Chumvi ya kutapishia inaweza yenyewe kuua mbwa mdogo kwa kupandisha sodiamu mwilini. Mbwa aliyelegea hatapishwi kwa njia yoyote, kwa kuwa matapishi huingia kwenye njia ya hewa. Asali hupakwa kwenye fizi ili isimkabe. Na pakiti ndiyo inayomwambia daktari anapambana na nini.

Kwa nini chingamu

Kitamu kilichokuwamo ni zailitoli. Kwenye pakiti huandikwa xylitol, au kwa namba E967. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa, kongosho linaiona kama sukari halisi na kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu inaanguka, mara nyingi ndani ya dakika 30 hadi 60, na mara chache huchelewa hadi saa 12. Mtoto wa mbwa anaumia upesi kuliko mbwa mzima, kwa sababu ini lake dogo halina akiba ya kutosha ya kujazia pengo. Dozi ikiwa kubwa zaidi, ini lenyewe hujeruhiwa, na hilo hujionyesha siku moja hadi tatu baadaye.

Hesabu aliyoifanya daktari ni fupi na kila mwenye mbwa anaweza kuifanya. Kiwango cha kushusha sukari huanzia takriban gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa. Kiwango cha kutishia ini huanzia takriban gramu 0.5 kwa kilo. Kwa mbwa wa kilo 4.2 hizo ni gramu 0.42 na gramu 2.1. Pakiti ilikuwa ya vipande 14, shangazi alikumbuka ametafuna 3, vizima vilikuwa 2, basi vilivyoliwa havizidi 9. Pakiti haikutaja kiasi kwa kila kipande, ila zailitoli ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya viambato, maana yake ndiyo iliyozidi vingine vyote. Kipande kikiwa na gramu 0.3 tu, jumla ni gramu 2.7, tayari imevuka mipaka yote miwili. Kikiwa na gramu 1, amekula zaidi ya mara 20 ya kiwango cha kushusha sukari.

Madonge matatu aliyotapika hayakutolewa kwenye hesabu. Zailitoli huyeyuka na kuachana na chingamu mapema, na linalobaki kwenye donge ni mpira uliokwisha toa kilichokuwamo. Hapo ndipo familia ilipokosea kupumua.

Kliniki

Alifika saa 2:05 usiku. Glukosi iliyochanganywa na maji ilisukumwa polepole kwenye mshipa, kisha ikafuata dripu ya glukosi ya asilimia 5. Sukari ilipimwa kila saa. Mkaa wa dawa, unaonyweshwa ili ufyonze sumu tumboni, haukutumika, kwa vile haushiki zailitoli vizuri, na kumnywesha mbwa aliyelegea kungeongeza hatari. Potasiamu ilikuwa imeshuka, jambo la kawaida insulini inapokuwa nyingi, ikarekebishwa kupitia dripu hiyohiyo.

Hadi saa 4 usiku alikuwa anasimama. Mtu asiyejua angemrudisha nyumbani hapo. Dripu ikikatwa ghafla, insulini iliyobaki huishusha sukari tena, kwa hiyo ilipunguzwa hatua kwa hatua na kuondolewa baada ya saa 22. Vimeng'enya vya ini vilipimwa alipofika, kisha saa 24, 48 na 72. Kwenye kipimo cha saa 48 kimoja kilipanda kufikia takriban mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida, saa 72 kikaanza kushuka, na siku ya 10 kilikuwa sawa. Amepona bila kasoro.

Muda uliopotea ulikuwa kati ya saa 1:10 na saa 1:42. Simu ingepigwa palepale alipokutwa, mbwa akiwa bado na nguvu, daktari angeweza kumtapisha salama na huenda sukari isingefika 1.9. Dakika 32 zilikwenda kwenye maziwa na matumaini.

Jambo moja zaidi halikuandikwa kwenye faili la mgonjwa, ila linapaswa kuandikwa hapa. Ndani ya mkoba ule ule mlikuwa na vidonge vya ibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu, vya miligramu 400, karatasi yake imetobolewa kwa meno lakini vidonge viko vizima. Kidonge kimoja kwa mbwa huyu ni miligramu 95 kwa kilo, wakati vidonda vya tumbo huweza kuanza kwenye 25 hivi. Viwili vingefika 190, na figo huingia hatarini kwenye takriban 175. Alikuwa ameshavionja.

Palipovuja

Rahisi kumlaumu shangazi au mtoto. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumefunga faili bila kujifunza. Shangazi aliweka mkoba mahali watu wote huweka mikoba. Mtoto alitii sheria kama alivyoielewa.

Tazama tena maandalizi yao yote: nyaya, baraza, kabati, mmea, sumu ya panya. Kila kimoja ni kitu kilichokuwamo ndani ya nyumba siku ya ukaguzi. Walikagua hali ya nyumba ya siku moja, na siku hiyo ilikuwa safi. Hatari iliyompata mbwa haikuwamo ndani Jumamosi. Iliingia kwa mlango Jumatatu, ikiwa begani mwa mtu. Mikoba ya wageni, mifuko ya makoti, begi la shule lenye penseli na kibanio cha nywele, mfuko wa ununuzi unaotuliwa sakafuni "dakika moja tu", bahasha ya dawa kutoka hospitali, hata soli za viatu: vyote hivi hupita mlangoni kila siku na hakuna orodha ya ukaguzi inayovikamata, kwa sababu havina mahali pa kudumu. Zabibu kavu zinazoweza kuangusha figo za mbwa haziko kabatini, ziko kwenye begi la mtoto aliyetoka shule.

Viatu ni mfano unaopuuzwa mno. Virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, huweza kukaa ardhini kwenye kivuli miezi mingi, hata mwaka, na soli ni usafiri wao. Mtoto huyu alikuwa na chanjo moja tu, na mfululizo haukamiliki kabla ya wiki 16. Viatu kuvuliwa nje ya mlango wa fleti ni sehemu ya usalama wake sawasawa na wavu wa baraza.

Kwa hiyo kosa la msingi lilikuwa la mpaka. Nyumba ilikuwa na uzio kuzunguka mbwa lakini haikuwa na utaratibu wowote pale mlangoni.

Marekebisho

Kulabu nne zilipigiliwa ndani ya kabati la nguo lililo karibu na mlango wa kuingilia, kimo cha sentimita 160, na kabati lina kitasa cha kuzungusha. Mgeni anapokewa mkoba, kwa heshima, na mwenyeji ndiye anayeutundika. Kumwambia mgeni "angalia mkoba wako" hakusaidii, atasahau kama alivyosahau wa kwanza. Kupokea mzigo wa mgeni ni ukarimu tunaoujua tayari, hapa umepewa kazi ya pili.

Mbwa yuko ndani ya uzio kabla mlango wa nje haujafunguliwa, na anabaki humo mpaka kila kilichoingia kimepata mahali pake. Geti dogo la pili limewekwa kwenye korido, fito zake zimeachana sentimita 4, ili mlango wa nje ukiachwa wazi asikimbilie ngazi.

Tatizo la "mwingine anamwangalia" lilitatuliwa kwa kamba. Mbwa akiwa nje ya uzio, huvaa kamba nyepesi ya mita 2 na ncha yake inafungwa kiunoni mwa mtu mzima mmoja. Hakuna haja ya kuuliza nani ana zamu, inaonekana. Mtu huyo akitaka kwenda chooni, anaifunga kamba kiunoni mwa mwenzake au anamrudisha mbwa ndani ya uzio. Kamba haibaki shingoni mbwa akiwa peke yake, na kizimbani hata mkanda wa shingo huvuliwa, kwa sababu hunasa kwenye waya na kumnyonga.

Kwa mtoto wa miaka 6 hakuna sheria mpya iliyoongezwa. Mlango wa uzio ulibadilishwa kifungo ukawekwa kulabu ya springi ngumu ambayo vidole vyake haviiwezi, na akapewa nyakati mbili kwa siku za kucheza na mbwa akiwa amekaa sakafuni na mzazi pembeni. Mtoto wa umri huo asibebeshwe jukumu la kufuli.

Kwenye friji kuna karatasi yenye namba ya daktari, namba ya kliniki ya usiku, na uzito wa mbwa unaoandikwa upya kila Jumapili. Uzito ndio unaogeuza "amekula kidogo" kuwa hesabu, na mtoto wa mbwa hubadilika uzito kila wiki. Chini yake kuna maneno matatu: piga simu kwanza. Maziwa, mafuta na chumvi havimo.

Kosa dogo la usafi lilijitokeza pia katika ukaguzi wa pili. Mikojo ilikuwa inafutwa kwa dawa ya klorini. Mkojo una amonia, na mchanganyiko wake hutoa hewa inayochoma pua, zaidi kwa kiumbe ambaye pua yake iko sentimita 10 kutoka sakafuni. Sasa wanafyonza kwa kitambaa, wanaosha kwa sabuni na maji, na kutumia klorini kwenye sakafu iliyokwisha suuzwa tu, sehemu 1 kwa maji 30, ikae dakika 10 kisha ioshwe, mbwa akiwa chumba kingine.

Wiki ya 16

Ukaguzi wa tatu ulifanywa alipofikisha wiki 16, kwa futi ya kupimia. Akiwa na wiki 9, akisimama kwa miguu ya nyuma, pua ilifika sentimita 48. Sasa inafika 71. Meza ya sebule, iliyokuwa mahali salama pa kuweka rimoti na miwani, imeingia ndani ya eneo lake, na rimoti ina betri. Meno ya utoto yameanza kung'oka, fizi zinawasha, na utafunaji utaendelea kwa nguvu hadi meno yote 42 ya ukubwani yatoke, karibu na miezi 6 au 7. Pipa la kukanyaga amejifunza kulifungua kwa mguu wa mbele siku mbili kabla ya ukaguzi, hivyo limehamia ndani ya kabati. Wavu wa baraza umepandishwa hadi sentimita 120, na tai zilizopauka kwa jua zimebadilishwa zote. Kulabu za mikoba zimebaki pale pale, sentimita 160.